Jina la Kuazima

Mgeni alifika Jumanne, saa nne asubuhi, jua la Julai likiwa bado halijapata nguvu ya kuondoa sakitu nyeupe juu ya majani ya viazi. Tabea alikuwa amechuchumaa uani, kavaa sweta la babu yake juu ya khanga mbili, akichagua viazi vya mbegu: vilivyochipua upande huu, vilivyooza upande ule. Shahada yake ya historia ilikuwa ndani, kwenye bahasha, chini ya godoro. Mwaka mzima ulikuwa umekatika tangu aipate, na kazi pekee aliyopewa kwa ajili ya usomi wake ni ile ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ebeneza: kukusanya majina ya askari wa Matembwe waliokufa katika Vita vya Kagera, ili yaandikwe kwenye nguzo ya saruji pale shuleni kabla ya Siku ya Mashujaa.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo babu."

"Marahaba. Kamwene." Alikuwa mzee mrefu, kavaa koti zito na kofia ya sufu, anaegemea fimbo kama mtu ambaye hajaizoea. "Natoka Ikonda, hospitali. Nimeuliza dukani pale chini, wakacheka, wakanionyesha hapa. Ndipo nyumbani kwa marehemu Amon Mwalongo?"

Tabea naye akacheka.

"Ndipo. Marehemu amekwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa, atarudi sasa hivi."

Mgeni hakucheka. Ikambidi Tabea amweleze, maana utani usipomweleza mgeni huwa tusi. Mwaka sabini na tisa barua ilikuja kutoka jeshini kwamba Amon Mwalongo ameuawa vitani Uganda. Ikasomwa mbele ya ofisi ya kijiji, Amon mwenyewe kasimama pale pale, jembe begani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kila mtu alijua kwamba Amon aliitwa, akaenda, akarudishwa na daktari kwa sababu ya kifua. Jeshi lilisahau tu kulifuta jina. Basi tangu siku hiyo akawa Marehemu. Marehemu umeamkaje? Marehemu, ndama wako kaingia kwangu! Tabea alipokuwa darasa la kwanza alimtajia mwalimu jina lake: Tabea Edson Marehemu.

"Binti," mgeni alisema polepole, "mimi naitwa Lenard Kihwele, wa Makambako. Amon Mwalongo wa Matembwe nilimfunika udongo kwa mikono hii."

"Labda ni Amon mwingine, babu."

"Mkewe Modesta. Wana mtoto wa kiume, Edson, alizaliwa kabla ya miezi kutimia, wakawa wanamlaza kwenye pamba karibu na moto kama kifaranga. Kila siku nilisimuliwa. Ni wa Amon mwingine hao?"

Edson ni baba yake Tabea. Habari ya pamba aliijua tangu utotoni.

Akaingia ndani, akatoka na kigoda na lile daftari la majina. Hakujua kwa nini alichukua daftari. Pengine mikono ilitaka kitu cha kushika. "Alikuwaje huyo Amon wako?"

Mzee Lenard akakaa, na uso wake ukafunguka. "Mfupi. Mcheshi mpaka kero. Alikuwa anasema huko kwao mkewe anasonga ugali mpaka sufuria inaomba msamaha. Alipenda kusimulia ulanzi, pombe yenu ya mianzi: namna anavyolikata chipukizi la mwanzi asubuhi, analikata tena jioni, utomvu unadondoka usiku kucha. Kidole chake kidogo cha kushoto hakikuwepo. Alikikata akigema."

Kalamu ya Tabea ilisimama.

Katika nyumba ile alikuwapo mtu mmoja tu wa kidole pungufu, na habari zake hazikuzungumzwa ila na Bibi Fidelia, dada yake babu, ambaye kila alipolitaja jina hilo alitema mate pembeni. "Manase? Kidole pungufu, moyo pungufu." Manase, mdogo wake Amon, aliyeondoka mwaka sabini na nane kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai Mufindi, asirudi, asiandike hata barua. Mama yao, Bibi Erica, alikaa miaka saba akimtazamia njiani. Mwaka wa nane akachoka. Alikufa akisema mtoto aliyemsahau mama yake naye asahauliwe. Ndiyo maana katika ukoo ule, ambako kila marehemu hupata mtoto wa kurithi jina lake, hakukuwa na Manase hata mmoja.

Babu Amon akatokea njiani, Biblia kwapani, anatembea kwa haraka ile ya watu wembamba.

"Kamwene, mgeni!"

Lenard alisimama, akamtazama juu hadi chini. "Kamwene. Nimekuja kumwona mjane wa Amon Mwalongo. Tulikuwa pamoja vitani."

Amon akaketi juu ya gunia la viazi, akaiweka Biblia magotini, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Mjane hayupo. Ametangulia huu mwaka wa saba," alisema. "Amon ni mimi. Uliyemzika anaitwa Manase."

Alilitamka jina hilo kama mtu anayekanyagia mguu uliovunjika, kuona kama utambeba.

Lenard akarudi kukaa kwenye kigoda. Kisha akasema, "Kumbe. Miaka arobaini na sita nakesha kumwombea mtu ambaye yuko nyumbani kwake anakula viazi."

"Kweli kabisa," alisema Amon.

Jioni ile, jikoni, akasema yote. Hakuyasema kwa Lenard tu, aliyasema kwa Tabea, akiangalia moto. Novemba ile jina lake lilipotajwa kwenye orodha ya mgambo wa kwenda vitani, Edson alikuwa na siku tisa na Modesta hakuwa akiinuka kitandani. Manase akamwambia, kaka, mimi sina mke wala mtoto, niazime jina lako. Wakadanganya nyumba nzima. Manase akaaga kwamba anakwenda Mufindi. Amon akaaga kwamba anakwenda vitani, akamsindikiza mdogo wake mpaka stesheni ya Makambako, kisha akajificha kwa rafiki yake huko Liganga wiki mbili na kurudi na hadithi ya daktari na kifua.

"Pale stesheni akanishika hapa," Amon aligusa ukosi wa shati lake. "Akasema, kaka, nimeazima tu. Nikirudi nakurudishia jina lako. Nisiporudi, wewe useme aliyekufa ni Manase. Usiniache nizikwe na jina la kuazima. Nikamwambia, nakuahidi. Akacheka, akasema ahadi ndogo hiyo, hata mtoto anaiweza."

"Na barua ilipokuja?" Tabea aliuliza.

"Ilisomwa, watu wakacheka."

"Na wewe babu?"

"Nikacheka nao." Moto ulipasuka, akausogeza ukuni kwa mguu. "Nilikuwa mtu peke yangu pale aliyejua kwamba Manase amekufa, mjukuu wangu, na nilicheka mpaka machozi yakatoka, wakadhani ni ya kicheko. Niliogopa kufungwa. Kudanganya jeshi wakati wa vita! Baadaye vita ikaisha, nikamwogopa mama. Mama akafa, nikamwogopa Fidelia. Uongo ni kama mche wa msindano. Mwaka wa kwanza unaung'oa kwa vidole viwili. Ukiuacha, siku moja utatafuta watu wenye misumeno."

Tabea alitaka kumkasirikia na hakuweza, akataka kumhurumia na hakuweza pia. Huyu ndiye aliyemfundisha kusoma kwa kufuata mstari wa Zaburi kwa kidole. Huyu ndiye, alipokwenda chuo, aliyemwambia historia ni kazi ya kuwasemea waliokufa wasisingiziwe. Alikuwa ameiandika sentensi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la chuo. Sasa aliona haya kwa ajili yake, na haya ile ilimuuma kuliko hasira.

Kulipokucha akamsindikiza Lenard mpaka Makambako. Kisingizio kilikuwa kumshika mkono mgonjwa. Ukweli ni kwamba alitaka kujua. Majina mengine matatu ya kwenye orodha alikuwa ameyafuatilia nyumba kwa nyumba, anajua nani alipenda mpira, nani aliacha mchumba. Kwa Manase hakuwa na kitu zaidi ya kidole.

Lenard alimpeleka stesheni kabla hata ya kumpeleka nyumbani kwake. Jukwaa lilikuwa tupu, mbao za msindano zimepangwa upande mmoja zikisubiri, na upepo wa Makambako ulikuwa unavuma vile unavyovuma siku zote, kama mtu anayetafuta ugomvi.

"Hapa," alisema, akigonga fimbo. "Nilikuwa na blanketi, yeye hakuwa nalo. Akaniuliza, wewe blanketi hilo unalala nalo peke yako kama askofu? Tukalala wawili. Tangu hapa mpaka Kagera."

"Alikufaje, babu?"

"Lukaya, ndani ya Uganda. Barabara imepita katikati ya kinamasi, hakuna pa kukimbilia, mafunjo huku na mafunjo huku. Hakufa kishujaa, nisikudanganye. Tulikuwa tumekaa tunakula biskuti, ananiambia vita ikiisha niende Matembwe wakati wa mvua anigemee ulanzi wa kwanza. Kombora likaanguka." Akahema. Moyo wake ulikuwa na mwendo wake siku hizo. "Hakufa papo hapo. Mpaka jioni alikuwa anaita, Amon. Amon. Amon. Mimi nikadhani homa, anajitaja mwenyewe. Nimeona watu wanafanya hivyo. Nikawa namjibu, ndiyo, wewe ni Amon, tulia."

Aliinamisha kichwa.

"Kumbe alikuwa anamwita kaka yake. Na mimi nikawa namwambia ni yeye mwenyewe. Hilo nimelijua jana, jikoni kwenu."

Tabea hakuandika. Alimshika yule mzee mkono, wakasimama vile, upepo ukiwavuta makoti. Kisha Lenard akamwambia jambo la mwisho: kwamba maiti zilihamishwa baada ya vita, kaburi liko Kaboya, mkoani Kagera, pamoja na ya wenzake, naye alikwenda huko miaka sita iliyopita, akalipangusa bamba kwa leso. Limeandikwa Amon Mwalongo. "Kule mbali sitarudi tena. Lakini hiyo nguzo yenu ya shuleni iko karibu."

Tabea aliporudi Matembwe jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya chai. Babu yake alikuwa amemalizia kuchagua mbegu zote peke yake. Tabea akamwambia habari za blanketi, mzee akacheka kidogo. Akamwambia habari za biskuti. Akasita. Kisha akamwambia namna Manase alivyoita mpaka jioni, na alichojibiwa.

Amon aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba kwenye mianzi aliyoipanda Manase, ambayo yeye, mzee wa kanisa, hakuwahi kuigema wala kuikata. Alikaa huko mpaka uji ukapoa. Aliporudi alisema, "Kesho wanaandika majina?"

"Kesho saa tano. Fundi anapiga lipu, majina yanaandikwa kwa msumari kabla haijakauka."

"Ungeweza kuliandika tu, wewe, bila maneno."

"Ningeweza, babu."

"Fidelia atauliza."

"Atauliza."

Amon alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo. "Manase hakusema niandike. Alisema niseme." Kisha, kwa sauti ndogo, "Utasimama karibu yangu?"

"Nitasimama, babu."

Alhamisi ile uwanja wa shule ulikuwa na watu kama arobaini. Wanawake walikuwa jikoni mwa shule wakimenya viazi kwa ajili ya sherehe ya kesho yake, na kati yao Bibi Fidelia, sauti yake juu ya sauti zote, akimkaripia mtu kwamba maganda anayotoa ni manene kuliko viazi vyenyewe. Fundi alimaliza kulainisha uso wa nguzo. Mzee Ebeneza akampa Tabea msumari wa inchi sita.

Tabea akaandika jina la kwanza. La pili. La tatu. Saruji ilikuwa laini, baridi, na kila herufi ilitoa mlio mdogo kama wa kisu kwenye uji uliogandia sufuriani.

"Haya, la nne sasa," alisema Ebeneza, akaisogeza machoni orodha iliyotumwa kutoka wilayani. "Amon Mwalongo." Akaangua kicheko. "Marehemu! Njoo uone kaburi lako!"

Watu wakacheka. Babu Amon akatoka kwenye umati. Alivaa koti lake la kanisani. Akasubiri kicheko kiishe, na kwa kuwa hakucheka nao safari hii, kikaisha mapema.

"Mwenyekiti, naomba umwite dada yangu."

Fidelia akaja anajifuta mikono kwenye khanga. "Nini tena, kaka? Wamekuzika mara ya pili?"

"Fidelia. Manase hakwenda Mufindi."

Akasema. Hakusema maneno mengi. Pengine mtu akisha kulibeba jambo miaka mingi linachakaa kingo zake, linabaki dogo. Jina, stesheni, barua, kicheko. Alisema aliyekufa ni Manase. Alisema yeye ndiye aliyetakiwa kwenda. Ebeneza alishusha orodha. Mahali fulani mtoto alikohoa, akanyamazishwa.

Fidelia alikuwa bado ameshika kisu cha viazi. Akakiweka chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Mama alimlaani," alisema.

"Najua."

"Ulikuwepo. Ulikuwa umekaa kitandani kwake, umemshika mkono. Alimlaani, na wewe ukaitikia amina."

"Nilisema amina."

"Na mimi, miaka yote hii, nikisikia jina lake natema mate!" Hapo sauti yake ikapasuka, akaiokota. "Ungeniambia mimi tu. Mimi peke yangu, Amon. Tungekuwa tunalia wawili."

Hakumwita kaka. Tabea alilisikia hilo, na aliona kwamba babu yake naye amelisikia.

"Siku nikifa," Fidelia alisema, "usije kunizika. Nimesema mbele ya watu hawa." Akageuka, akapita katikati ya wanawake, akateremka njia ya kwenda kwake, mgongo umenyooka. Mwanamke mmoja akamfuata. Wengine walibaki wakitazama ardhi.

Katika nchi ile kumkataza mtu kaburi lako ni kumtoa katika damu. Amon alisimama akamtazama dada yake mpaka alipopotea nyuma ya miti. Kwa muda alikuwa kama mtu atakayemkimbilia. Tabea aliona goti lake likianza safari hiyo, likarudi.

"Saruji inakauka," fundi alisema, kwa upole, maana ilimbidi aseme.

Tabea akaunyanyua msumari. Babu yake akamshika kifundo cha mkono.

"Nipe mimi."

"Babu, mikono yako inatetemeka."

"Basi itatetemeka hivyo hivyo."

Akapiga magoti, kwa kuwa nafasi iliyobaki ilikuwa chini. Tabea naye akapiga magoti karibu yake, kama alivyoahidi, bega kwa bega, bila kumgusa. Saruji ilikuwa imeanza kukaza. Herufi ya kwanza ilimchukua muda mrefu, ikatoka imepinda. Ya pili vilevile. Alikuwa anasukuma msumari kwa viganja vyote viwili, anahema, vumbi la kijivu limemjaa kwenye mikono ya koti la kanisani. Hakuna aliyemharakisha. Hakuna aliyemwita Marehemu.

Alipomaliza herufi ya mwisho ya jina la mdogo wake, alipuliza chembe zilizobaki, kisha akapitisha kidole juu ya jina lote, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyokuwa akimfuatishia Tabea mstari wa Zaburi.